Mtu wa Tanga na jua la Roma: namna ya kuzunguka mji kwa miguu mwezi wa Julai

Mjomba wangu alikaa chini kwenye nyasi kavu za Circo Massimo, uwanja wa kale hapa Roma, Julai ya mwaka juzi, saa 9 alasiri, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo si yake: "Mpwa wangu, mbona ule ukuta unacheza?" Ukuta wenyewe ni wa majumba ya makaisari juu ya kilima cha Palatino. Umesimama pale karibu miaka 2,000 bila kucheza ngoma yoyote. Nikajua hapo hapo nimekosea, na kosa ni langu mwenyeji, si lake mgeni.

Huyu ni mtu aliyekata mkonge ujana wake wote, mashamba ya Pongwe mpaka Muheza. Asubuhi nilipompa kofia alicheka: "Jua la Ulaya linitishe mimi?" Nikanyamaza kwa heshima. Mtu aliye kama baba yako humwambii "vaa kofia" kama unamwambia mtoto. Tangu siku ile heshima ya namna hiyo nimeiacha. Mgeni akifika kwangu, kofia kwanza, shikamoo baadaye.

Naishi Roma mwaka wa 12 sasa. Namtunza bibi mmoja wa Kiitaliano mwenye miaka 91, karibu na Piazza Vittorio. Mapumziko yangu ni Alhamisi mchana na Jumapili, ila Julai bibi hupelekwa baharini kwa mwanawe wiki mbili, nami hapo napata siku nzima nzima. Siku hizo huishia kutembeza ndugu, majirani, na ndugu wa majirani. Kila mmoja anakuja na maneno yale yale ya mjomba: sisi jua tumezaliwa nalo. Ni kweli tumezaliwa nalo, lakini siyo hili.

Jua lenyewe kwanza

Mwishoni mwa Juni hapa jua linachomoza kama saa 11:35 alfajiri na kuzama saa 2:50 usiku. Ndiyo, usiku. Hiyo ni saa 15 za jua, na sisi tumezoea 12. Halafu mji wenyewe ni mawe: kuta za mawe, ngazi za mawe, na barabara zimetandikwa vijiwe vyeusi vya volkano wanavyoviita sampietrini. Mawe hayo hunywa moto mchana kutwa na kuutema jioni, kiasi kwamba saa 1 usiku ukipita karibu na ukuta unahisi kama umepita mbele ya tanuri la mkate. Hakuna minazi, na upepo wa bahari hauji mpaka jioni. Jasho nalo linakudanganya. Tanga jasho unaliona linatiririka, unajua umepungukiwa maji. Hapa mara nyingi hukauka mwilini kabla hujaliona, na unachokuta jioni ni mstari mweupe wa chumvi kwenye shati. Julai 2023 kipimo cha joto Roma kilipita nyuzi 40.

Mimi siku ya kiangazi naihesabu kwa swala, na hata kama wewe si Mwislamu nakushauri uazime hesabu hii maana inafuata jua, haifuati saa ya ukutani. Kila siku saa 6 kamili mchana mzinga hupigwa kwenye kilima cha Gianicolo. Ni desturi aliyoianzisha Papa Pius wa Tisa mwaka 1847 ili kengele za makanisa zipatane. Ukiusikia usidhani jua limefika utosini. Wataliano husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo adhuhuri ya Julai huingia kama saa 7:15. Baada ya hapo joto linazidi kupanda, na saa mbaya kuliko zote ni kati ya 8 na 11. Alasiri inaingia saa 11 na robo hivi. Basi kanuni yangu ni hii: toka jua likichomoza, uwe ndani kabla ya adhuhuri, lala, toka tena alasiri ikiingia, tembea mpaka karibu na isha. Siku moja ya Roma igawe siku mbili fupi. Mjomba nilimtoa nyumbani saa 4 asubuhi na kumkatisha Circo Massimo saa 9. Mahali pale ni uwanja mtupu wa mbio za magari ya farasi, mita 600 na ushee bila kivuli katikati. Hata mbwa wa Kirumi hapiti pale saa hiyo.

Neno moja kuhusu saa, maana limenigharimu. Ukikata tiketi mtandaoni utaandikiwa 14:30. Hiyo ni saa 8:30 mchana wetu. Na kiangazi Roma iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo rekebisha saa ya mkononi siku unayoshuka kwenye ndege. Jirani yangu mmoja wa zamani alifika Colosseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo, na tiketi mkononi, amevaa vizuri, amewahi saa nzima na anashangaa.

Kivuli kiko upande gani

Hili halimo kwenye vitabu vya watalii. Nyumbani mwezi wa Juni na Julai jua la mchana limeegemea kaskazini, na kivuli cha nyumba kinaangukia kusini. Roma ni kinyume, mwaka mzima. Jua la mchana liko kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Nimewaona wageni wangu wakivuka barabara kwa mazoea kufuata kivuli kisichokuwepo.

Kwa hiyo barabara ikitoka mashariki kwenda magharibi, bana ukuta wa upande wa kusini. Ikitoka kaskazini kwenda kusini, asubuhi tembea upande wa mashariki na jioni upande wa magharibi. Chukua Via del Corso, kilomita moja na nusu iliyonyooka kama rula. Ukitoka Piazza del Popolo kwenda Piazza Venezia, asubuhi kivuli ni mkono wako wa kushoto, jioni ni wa kulia. Vichochoro vya mjini kati, huko kwa Pantheon, lile hekalu la kale la Kirumi, na Campo de' Fiori, ni vyembamba na nyumba zake ndefu, vimejaa kivuli kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Ukiwa na njia mbili, moja pana ya kifahari na nyingine kichochoro kinachonuka paka, pita kwenye paka.

Cha kubeba

Khanga. Nasema kweli, nimejaribu vitambaa vya kila namna vya hapa na hakuna kinachoifikia. Yangu imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" na rangi imeanza kupauka. Inaloweshwa kwenye bomba, inakamuliwa, inazungushwa shingoni: dakika 20 za ubaridi. Inakauka upesi. Kwenye mlango wa kanisa inafunika mabega na magoti, maana hapa ukiwa na mabega wazi au kaptula fupi mlinzi anaweza kukurudisha, awe mwanamke awe mwanamume. Kwenye bustani inatandikwa. Mjomba alikataa kuivaa mpaka ukuta ulipocheza, kisha hakuivua hadi usiku, na alipoona mzee mmoja wa Kiitaliano anamtazama akamwambia kwa Kiswahili, "Utatafuta sana, hupati."

Mwavuli pia. Wataliano hawatembei na mwavuli juani, watakutazama, waache watazame. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu, soli nene. Vile vijiwe havikulala sawa, kimoja kimeinuka kingine kimezama, na vimesuguliwa mpaka vinateleza. Ndala za bapa zitakumaliza nyayo kabla ya saa 4. Nguo za pamba au kitani, pana, mikono mirefu. Kanzu ni vazi bora kuliko fulana yoyote ya mtalii. Na duka la dawa, lile lenye msalaba wa kijani, huuza vipakiti vya chumvichumvi za kuchanganya kwenye maji. Ukikosa, lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ile ile tuliyofundishwa kliniki.

Maji usinunue

Wachuuzi karibu na Colosseo watakuuzia chupa ya maji kwa bei ya chakula cha mchana cha Tanga. Huna haja. Roma ina mabomba ya barabarani yapatayo 2,500 yanayotiririka usiku na mchana, maji safi ya kunywa, bure. Ni vinguzo vya chuma cha kalibu, urefu kama mita moja na kidogo, na mrija uliopinda kama pua; ndiyo maana wanayaita nasoni, mapua makubwa. Ya kwanza yalisimikwa mwaka 1874.

Watu wengi huinamisha kichwa kunywa kwa chini, wanalowa viatu. Tazama vizuri: juu ya ule mrija, kwenye mkunjo, kuna kitundu. Ziba mdomo wa chini kwa kidole, maji yatarukia juu kwenye kitundu hicho kama chemchemi ndogo, unakunywa umesimama. Ila ziba polepole. Mjomba alibana kwa mkono wa mkata mkonge, maji yakampiga usoni na kumlowesha hadi kifuani, na sista mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akacheka mpaka akashika ukuta. Baadaye nilifikiri ndiyo ilikuwa bahati yake ya siku ile, angeanguka mapema zaidi.

Kunywa kila unapolikuta bomba, hata kama kiu haijaja. Jaza chupa. Lowesha viganja hadi viwiko na uviache vikauke vyenyewe. Anayetawadha mara tano kwa siku anajua udhu unavyoshusha joto mwilini. Lakini usithubutu kutia miguu kwenye zile chemchemi kubwa za mapambo, Trevi na wenzake. Faini ni mamia ya euro, na askari wa jiji wanasimama palepale na vipyenga.

Asubuhi

Mimi naanzia stesheni ya treni ya chini kwa chini hapa kwetu, Vittorio Emanuele, laini A, na kushuka Spagna, stesheni ya nne. Tiketi ni euro 1.50 na inadumu dakika 100. Siku hizi unagusisha tu kadi ya benki kwenye geti. Saa 12 asubuhi zile ngazi maarufu za Piazza di Spagna ziko tupu, zimefuliwa, na bado zina baridi. Usizikalie. Tangu 2019 ni marufuku. Mjomba alikaa ngazi ya tatu, kipyenga kikalia, akainuka akijipangusa kama mtu aliyekuwa anataka kuinuka hata hivyo.

Chini ya ngazi kuna chemchemi yenye umbo la mashua inayozama. Sababu ya kuzama ni maji yenyewe: yanafika pale na nguvu ndogo, hayawezi kuruka juu, basi Pietro Bernini, baba wa yule mchongaji Bernini mashuhuri, akachonga chombo kinachovuja taratibu. Maji hayo yanaletwa na mfereji wa chini ya ardhi uliojengwa na Agrippa, jemadari wa Kirumi, mwaka 19 kabla ya Kristo, na mfereji huo huo, uliokarabatiwa mara nyingi, ndio unaolisha Trevi. Yanywe hapo, ni matamu. Kisha tembea dakika kumi hadi Trevi kabla watu hawajaamka. Saa 1 asubuhi utasikia mlio wa maji kabla ya kuiona. Saa 5 utasikia watu tu.

Kifungua kinywa kinywe umesimama kaunta. Kahawa ya kaunta ni euro moja na senti kadhaa. Kahawa hiyo hiyo ukiketi kwenye meza ya nje mbele ya Pantheon inapanda mara tatu au zaidi, na meza yenyewe iko juani. Omba na glasi ya maji, na utumie choo chao, maana vyoo vya umma ni haba.

Kuanzia saa 3 ndipo makanisa yanapokusaidia. Mimi ni Mwislamu wa Tanga lakini makanisa ya Roma nayajua kwa ubaridi wake kuliko Wakristo wengi wanavyoyajua kwa watakatifu wake. Kuta ni nene, dari ziko juu sana, sakafu ni marumaru. Sant'Ignazio kwanza: tazama juu, utaona kuba kubwa la giza. Hakuna kuba. Ni mchoro bapa wa Andrea Pozzo wa mwaka 1685. Kuba halisi halikujengwa. Mjomba alizunguka chini yake mara tatu na kukataa kuniamini hadi alipofika madhabahuni na kuona limepinda. Dakika tano kwa miguu, San Luigi dei Francesi ina picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mathayo mtoza ushuru, kwenye kona yenye giza. Beba sarafu za kuwashia taa. Simama hapo mwili upoe. Nje ya Santa Maria sopra Minerva kuna tembo mdogo wa marumaru, kazi ya mwaka 1667, amebeba mnara wa Kimisri mgongoni. "Huyu hajafika Mkomazi," alisema mjomba, "masikio yamelala."

Pantheon inafunguliwa saa 3, tiketi euro 5. Kuba lake lina upana wa mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni kiasi hicho hicho. Katikati kuna tundu la karibu mita 9 lililo wazi kwa mbingu, mvua ikinyesha inaingia. Jua linaingia kama duara la mwanga linalotembea ukutani kadiri saa zinavyokwenda. Kaa kwenye benchi upande usio na duara, ulitazame linavyosogea. Nusu saa hapo ni bora kuliko viwanja vitatu vya nje. Ukitoka, mtaa wa pembeni wanauza barafu ya kahawa iliyofunikwa kwa krimu; hiyo nayo ni dawa. Piazza Navona ipite upesi kwa kivuli cha pembeni, utairudia usiku.

Colosseo, kama lazima uingie ndani, chukua tiketi ya saa ya kwanza kabisa asubuhi, na iwe siku nyingine. Tiketi inaandikwa jina, njoo na pasipoti. Lilifunguliwa mwaka 80, na Warumi hawakuwa wajinga wa kukalisha watu juani. Walitandaza vitambaa vikubwa juu ya watazamaji, na waliokuwa wakivivuta kwa kamba ni mabaharia wa jeshi la majini. Nilimweleza mjomba hayo tukiwa kivulini. Alifurahi mno. "Kumbe hata wao walihitaji Tanga!"

Kulala

Makanisa mengi madogo hufungwa kama saa 6:30 mchana na kufunguliwa saa 10. Maduka mengi ya mitaani yanafunga pia, na mwezi wa Agosti, hasa tarehe 15, mji unakuwa kama kijiji siku ya msiba. Huo ndio mji wenyewe unakwambia nenda kalale. Bibi yangu saa 3 asubuhi hufungisha madirisha yote ya mbao, nyumba inakuwa giza, na hayafunguliwi hadi saa 4 usiku. Hana kiyoyozi na hakitaki. Mchana anakula tikitimaji, nyanya, kipande cha jibini, basi. Nilimwona mchawi mwaka wa kwanza. Sasa hata mimi nikiwa peke yangu nafanya vile vile. Hotelini ufanye hivyo kabla ya kutoka asubuhi, usirudi kwenye chumba kilichopikwa.

Kama umelala mbali na huwezi kurudi, yale makanisa makuu manne hayafungwi mchana: San Pietro, San Paolo fuori le Mura, San Giovanni in Laterano na Santa Maria Maggiore. Hilo la mwisho ni jirani yangu na ndipo ninapowapeleka wageni. Papa Francis amezikwa humo tangu Aprili 2025, kwa hiyo kuna foleni ya ukaguzi na sehemu yake iko juani. Hapo mwavuli utakulipa. Ndani, kwenye chumba cha ubatizo, ulizia sanamu ya Mwafrika. Ni Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda, balozi wa mfalme Álvaro wa Pili wa Kongo. Aliondoka kwao mwaka 1604, akazungushwa Brazil na Hispania, akafika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa na kufariki siku chache baadaye. Papa alikwenda kumtazama kitandani. Uso wake umechongwa kwa jiwe jeusi. Kila mgeni wangu kutoka Afrika husimama mbele yake kimya, hata wale waongeaji.

Na ukiwa hapo tarehe 5 Agosti, ingia kwenye ibada. Hadithi yao inasema theluji ilianguka kwenye kilima hiki katikati ya kiangazi, karne ya nne, kuonyesha mahali pa kujenga. Kuikumbuka, humwaga maua meupe kutoka darini. Watu wanajipepea kwa karatasi za nyimbo huku theluji ya maua inawatua mabegani.

Mwenzako akizidiwa

Nirudi Circo Massimo. Nilimtoa mjomba juani hadi chini ya msonobari wa pembeni, nikamlaza, miguu juu ya mkoba. Nikafungua vifungo vya shati, khanga mbichi shingoni na kwapani, nikampepea kwa ramani. Maji kwa funda ndogo ndogo zenye chumvichumvi, siyo chupa nzima kwa mpigo, atatapika. Kisha nikamuuliza jina la mama yake. Akalitaja, jina la bibi yangu mzaa mama, na akauliza kwa nini namuuliza upuuzi. Nikashukuru Mungu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, mikakamao ya miguu, kichefuchefu: hayo yakianza, siku yako ya utalii imekwisha, pumzika na urudi kwa teksi. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, ngozi yake ikiwa moto kama pasi, au akizimia, usisubiri: piga 112, mwagia maji mwili mzima huku unangoja. Mwenye kisukari, mwenye presha, mjamzito, na mzee anayesema hana neno, hao watazame wewe. Vidonge vingine vya presha vinapoteza maji mwilini. Ongea na daktari kabla ya safari, usijipunguzie dozi mwenyewe.

Jioni

Saa 11 na robo toka tena. Kama umeamka mapema kidogo, San Clemente, si mbali na Colosseo, ni mahali pa kupoa kabla ya safari ya jioni. Angalia saa za kufunga. Unaingia kanisa la karne ya 12, unashuka ngazi na kukuta kanisa la karne ya nne, unashuka tena na kukuta nyumba za Kirumi na hekalu la mungu Mithras, na chini kabisa unasikia maji yakipita gizani. Huko kiangazi hakijafika. Jifunge khanga.

Kuanzia saa 12 jioni kuna upepo wanaouita ponentino, unatoka baharini upande wa magharibi. Siku nyingine hauji, na Warumi wanaulalamikia kama sisi tunavyolalamikia umeme. Upokee mahali pa juu. Mimi napanda kilima cha Aventino, kwenye bustani ya machungwa, ambako kuna ukuta wa kuegemea na mto Tiber chini yako, au nyuma ya kilima cha Campidoglio ambako unaliona Foro, yale magofu ya kitovu cha Roma ya kale, lote bila kulitembea, mawe yakiwa ya rangi ya asali.

Halafu shuka mtoni, chini ya miti ya platani, hadi karibu na kisiwa cha Tiber. Vibanda vya hapo vinauza grattachecca: bonge la barafu linakwanguliwa kwa chuma mbele yako, linajazwa kwenye gilasi, linamiminiwa sharubati. Orodha ni ndefu. Tafuta tamarindo. Ni ukwaju. Mjomba alinywa funda la kwanza, akaitazama gilasi, akaitazama tena, akasema, "Hawa wamefika kwetu." Alikunywa mbili.

Nyumbani, miguu kwenye beseni la maji baridi na chumvi ya mawe, madirisha yote wazi. Jaza chupa za kesho uziweke kwenye friji. Khanga ifuliwe usiku huo huo na kuanikwa dirishani. Saa 11 alfajiri utaikuta imekauka.